Majeruhi Aliporuhusiwa Kutoka

Mwaka 1967 Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo tunaiita Mazembe, ilitwaa kombe la klabu bingwa Afrika kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata ikalitwaa tena mbele ya Étoile Filante ya Lomé. Ikaingia fainali ya 1969 na ya 1970 pia, ikazipoteza kwa Ismaily, kisha kwa Asante Kotoko. Fainali nne mfululizo! Miaka hiyo hiyo ndiyo soka la dunia lilikuwa likijifunza jambo ambalo leo tunaliona la kawaida: kumtoa uwanjani mchezaji aliyeumia na kumwingiza mwingine.

Kabla ya hapo, aliyeumia alivumilia au aliiacha timu yake pungufu. Mwaka 1956, katika fainali ya Kombe la FA kule Wembley, kipa Bert Trautmann wa Manchester City aligongwa na kuvunjika mfupa wa shingo. Aliendelea kudaka hadi filimbi ya mwisho, na timu yake ikashinda. Watu humsifu kwa ushujaa, nami namsifu, lakini siwezi kuisifu sheria iliyomwacha pale: City haikuwa na kipa wa akiba wa kumwingiza. Julai 1966, kwenye Kombe la Dunia, Pelé alipigwa mateke na mabeki wa Ureno mpaka akawa anachechemea. Hakuwepo wa kuchukua nafasi yake, na Brazil ikatolewa.

Kanuni za mchezo zilikwisha kufungua mlango tangu 1958, ila kila mashindano yaliamua yenyewe. Ligi ya Uingereza iliruhusu mtu mmoja wa akiba kuanzia Agosti 1965, tena kwa ajili ya majeruhi tu. Hapo refa alitwishwa kazi ya daktari: nani anaumwa kweli, nani anajiangusha? Mwaka 1967 sharti hilo likaondolewa.

Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico likawa la kwanza kuruhusu wachezaji wawili wa akiba. Hata hivyo Franz Beckenbauer alimaliza nusu fainali dhidi ya Italia mkono ukiwa umefungwa kifuani, bega limeteguka, kwa sababu Ujerumani Magharibi ilikwisha kutumia nafasi zote mbili.

Sisi Wakatanga, watu wa huku Lubumbashi, tuna kumbukumbu yetu chungu ya sheria hiyo. Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa imeshafungwa mabao matatu na Yugoslavia pale kocha Vidinić alipomtoa kipa Kazadi wa Mazembe katika dakika ya 21. Kazadi hakuwa ameumia. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya majeruhi ulimtoa mtu asiye na jeraha, na mechi ikaisha 9–0.

Baadaye nafasi ziliongezeka: tatu mwaka 1995, tano mwaka 2020 wakati wa korona. Aliyegongwa kichwa akapata nafasi yake ya pekee katika kanuni za 2024.

Marekani, wacheza besiboli walilitatua tatizo la majeruhi kwa njia nyingine, yaani kwa orodha. Mchezaji aliyeumia huandikwa humo kwa siku maalumu, 10, 15 au 60 kwa wengi, anaendelea kulipwa, na klabu inapata nafasi ya kumwita mwingine kikosini. Kwa miaka mingi iliitwa orodha ya wasiojiweza. Mwaka 2019 ikaitwa orodha ya majeruhi, kwa sababu kuvunjika kidole si kuwa mlemavu. Nauona uamuzi huo kuwa wa haki.

Soka halina orodha ya namna hiyo. Lililo karibu nayo ni mpango wa FIFA ulioanza 2012: mchezaji akiumia akiwa na timu ya taifa, FIFA huilipa klabu yake fidia ya mshahara, hadi euro 20,548 kwa siku kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Kwa klabu inayotoa wachezaji mara kwa mara kwa Leopards, timu ya taifa ya Kongo, hilo ni jambo kubwa. Lakini malipo hayaanzi mpaka mchezaji awe nje kwa zaidi ya siku 28. Msuli uliochanika kwa wiki tatu bado ni mzigo wa klabu peke yake.