Thimlich Ohinga: Makazi ya kale yaliyosimama bila saruji

THIMLICH OHINGA ni makazi ya kale yaliyozungushiwa kuta za mawe, yapatayo kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Kwa Kijaluo, ohinga ni boma au ngome, na thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Maboma ya aina hii, yapatayo 521 katika maeneo 138, yametapakaa kusini mwa Nyanza, yakiwemo ya Kanyamwa na Gwassi katika Kaunti ya Homa Bay. Thimlich ndiyo makubwa zaidi.

Kuta zake, zinazokadiriwa kuanza kujengwa karne ya 16, zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa wastani wa mita moja. Mawe hayakuchongwa wala kushikanishwa kwa udongo au chokaa. Waashi walipanga mawe makubwa upande wa nje na wa ndani, kisha wakajaza madogo katikati yakakazana. Ukuta wa namna hiyo haudumu pasipo watu: jiwe moja likichomoka, jirani zake hulegea. Hivyo basi, ukarabati ulikuwa kazi ya kila kizazi, na ilifanywa na waliohamia hapo kwa zamu, Wabantu na Waniloti, ambao kila mmoja alirithi ukuta wa aliyemtangulia.

Maboma makuu ni manne: Kochieng', Kakuku, Koketch na Koluoch. Nyumba zilijengwa ndani pamoja na mazizi, kwani mifugo ndiyo iliyowindwa na wavamizi. Milango ilikuwa mifupi kwa makusudi. Aliyeingia alilazimika kuinama, na adui aliyeinamisha kichwa mbele ya mlinzi hakuwa na la kujitetea.

Maisha hayakuwa ya vita tu. Kochieng' kuna vishimo vya ajua, mchezo wa bao wa Wajaluo, vilivyochimbwa mwambani, na mahali palipofuliwa chuma. Aidha, wanaakiolojia walifukua shanga za kioo kutoka nje, ushahidi kwamba wakazi hawa, ingawa walijifungia, walifikiwa na biashara ya mbali.

Mwanzoni mwa karne ya 20, utawala wa kikoloni ulipozima mapigano ya kikabila, haja ya kuishi nyuma ya kuta ilipungua na familia zikatawanyika katika mashamba yao. Usalama ulikuja; ukuta ukakosa wa kuutunza. Miti iliota kutani na mizizi yake ikasukuma mawe.

Mwaka wa 2000 makazi haya yaliorodheshwa na World Monuments Fund miongoni mwa turathi zilizo hatarini, na mwaka wa 2018, katika kikao cha Manama, Bahrain, UNESCO iliyatangaza kuwa Urathi wa Dunia. Ulinzi wake uko mikononi mwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.