Kidumbak

Kidumbak, au kitaarabu, ni muziki wa kikundi kidogo Zanzibar: ngoma mbili, fidla, cherewa (manyanga) na sanduku, yaani besi ya uzi mmoja inayotengenezwa kwa sanduku la chai. Vijana wengi walianzia humo kabla ya kupokewa katika taarabu kubwa kama ya Culture Musical Club. Ni shule kali lakini ya haki: pigo likilegea harusini, wachezaji hukaa chini, na mpigaji hupata jibu lake papo hapo.

Tangu 2002, chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy (DCMA), Mji Mkongwe, kimefungua njia nyingine ya kujifunza. Siti Amina, mpigaji udi, alisoma huko kabla ya kuwa na bendi yake, Siti and the Band.

Ng'ambo, kwenye pwani ya kusini ya bara, Kilwa na Lindi, mapigo hurithiwa pia katika ngoma za jando na unyago.