Kutoka Jani la Mgomba hadi Kioo: Historia ya Kifuniko Goma

Mbabula, jiko la makala (mkaa), ikishika moto uani, katika nyumba za Lac Vert, magharibi mwa Goma, sufuria ya maharagi hupandishwa asubuhi, na mara nyingi haishuki kabla ya adhuhuri. Mwinuko una mkono wake hapo. Mji umekaa kando ya Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, si 100. Maharagi hukawia kuiva, makala yakazidi kuteketea. Ndiyo maana kifuniko hapa kina heshima yake.

Zamani chungu kilifunikwa kwa majani ya mgomba. Yalipitishwa motoni kidogo yakalainika, kisha yakakandamizwa juu ya chakula hadi mvuke ukakosa pa kutokea. Sufuria za alumini zilipoenea, zilikuja na vifuniko vyake. Kifuniko kikipotea, sahani hushika nafasi yake.

Kufunika sufuria ni kuokoa moto, na moto wa Goma una historia nzito. Sehemu kubwa ya makala ya mji huu hutoka katika misitu ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979. Julai 2007 sokwe wa milimani wa familia ya Rugendo, akiwemo dume kiongozi Senkwekwe, waliuawa kwa risasi, na mauaji hayo yakahusishwa na biashara haramu ya makala. Kila gunia linalookolewa jikoni ni miti iliyobaki imesimama.

Maji nayo yalitufundisha thamani ya kifuniko, kwa gharama ya kutisha. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Kuchimba kisima ni shida, hivyo watu hutegemea ziwa. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa siku chache, wengine wakapiga kambi Mugunga, jirani na Lac Vert. Kipindupindu na kuhara damu viliwashukia. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Hata maji yaliyotekwa yakiwa safi huchafuka nyumbani mkono au kikombe kikizamishwa ndani. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, familia zilipewa ndoo zenye kifuniko kisichotoka na mdomo wa kumiminia. Kuhara kwa watoto chini ya miaka mitano kulipungua kwa karibu theluthi moja.

Bado tatizo moja lilibaki jikoni: ili mpishi ajue kinachoendelea ndani, lazima afunue, na akifunua joto linatoka. Dawa yake ilianzia Ujerumani. Mwishoni mwa karne ya 19, Otto Schott alitengeneza kioo chenye boroni, kinachostahimili moto bila kupasuka. Huko Marekani, mwaka 1913, Bessie Littleton alioka keki ndani ya chombo cha betri kilichokatwa, alicholetewa na mumewe kutoka kampuni ya Corning. Miaka miwili baadaye vyombo vya Pyrex vikaingia sokoni.

Vifuniko vingi vya leo ni vya kioo kilichokazwa kwa joto, chenye ukingo wa chuma na tundu dogo la mvuke. Povu la maharagi linapoanza kupanda, mpishi huliona na kupunguza makala kabla halijamwagikia moto. Maji yakikaribia kukauka, huyaona pia. Ila kioo kina masharti: kikiwa cha moto usikimwagie maji baridi wala kukilaza juu ya jiwe lenye umande, kwani hupasuka vipande vidogo vidogo. Kikipata ufa, kitupwe.

Lakini si kila mpishi hubaki na kifuniko chake. Waliokimbia vita walijenga vibanda vya maturubai huku Lac Vert. Tarehe 3 Mei 2024 kambi yao ikapigwa mabomu, na mapema 2025 kambi za Goma zikavunjwa. Anayehama mara nyingi hivyo hushikilia sufuria, na kifuniko ndicho huachwa. Kwa hiyo unapomsaidia jirani kuanza upya, mpe sufuria pamoja na kifuniko chake.