Kisiwa Kilichozungumza kwa Mikono

Mwishoni mwa karne ya 17, mtu mmoja aitwaye Jonathan Lambert alihamia Martha's Vineyard, kisiwa kilicho pwani ya Massachusetts nchini Marekani. Alikuwa kiziwi. Wakazi walikuwa wachache, bahari imewazunguka, wakaoana wao kwa wao, na uziwi ukarithiwa kizazi baada ya kizazi. Katika karne ya 19 ilikadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 155 kisiwani alizaliwa kiziwi, hali Marekani nzima alikuwa 1 kati ya 5,728. Huko Chilmark ilifikia 1 kati ya 25.

Ungetarajia jamii iliyogawanyika. Haikuwa hivyo, kwa kuwa waliojifunza ni wasikiaji. Mtoto aliipata lugha ya alama mapajani mwa mama, kama alivyokipata Kiingereza. Wavuvi walipashana habari kwa mikono, chombo hadi chombo. Na wanafunzi (watoto ni watoto) walisemezana kwa vidole mwalimu akiwapa kisogo. Nora Ellen Groce, aliyewahoji wazee wa kisiwa na kuchapisha utafiti wake mwaka 1985, aliona kuwa walimkumbuka fulani kwa umahiri wake wa kuvua. Mpaka waulizwe, ndipo wakumbuke kuwa alikuwa kiziwi.

Mwaka 1817 Thomas Hopkins Gallaudet, pamoja na Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Ufaransa, walifungua shule ya viziwi mjini Hartford, Connecticut. Watoto viziwi wa kisiwani waliopelekwa huko walirudi na elimu iliyowashinda majirani, hata baadhi ya wasikiaji wakawaletea nyaraka wawafafanulie. Si jambo dogo. Lakini shule ilimfundisha kiziwi peke yake. Msikiaji wa bara hakufundishwa namna ya kusema na mwenzake. Kisha, mwaka 1880, mkutano wa walimu huko Milan, ambao karibu wajumbe wote walikuwa wasikiaji, uliamua viziwi wafundishwe kwa matamshi ya mdomo. Alama zikapigwa marufuku madarasani katika nchi nyingi, na mzigo wote wa kuelewana akatwishwa asiyesikia. Uamuzi huo ulikataliwa rasmi Vancouver mwaka 2010, miaka 130 baadaye.

Kisiwani, ndoa na watu wa nje zilipunguza uziwi, na kiziwi wa mwisho wa nasaba zile alifariki mwaka 1952. Miongo kadhaa baadaye daktari na mwandishi Oliver Sacks alizuru huko, akawakuta wazee wakipiga soga barazani mwa duka. Ghafla maneno yakakoma, mikono ikaendelea na mazungumzo, kisha sauti zikarudi. Hapakuwa na kiziwi hata mmoja kati yao.