Sindano Ilivyogeuka Starehe

Desemba ya mwaka 1843, jijini London, yalitokea mambo mawili ambayo historia za kazi za mikono huyasimulia kila moja kivyake. La kwanza ni kadi. Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyesaidia kuanzisha posta ya peni moja mwaka 1840, alikuwa na jamaa na marafiki wengi wa kuwatumia salamu za Krismasi lakini muda hakuwa nao. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja itakayowafaa wote. Zikachapwa nakala zipatazo elfu moja, zikatiwa rangi kwa mkono, na alizobaki nazo zikauzwa shilingi moja moja. Picha yenyewe ilionyesha familia, watoto wakiwamo, ikinywa mvinyo, na waliokuwa wakipiga vita ulevi walikuja juu. La pili ni shairi. Jarida la Punch, katika toleo lake la Krismasi, lilichapisha "The Song of the Shirt" la Thomas Hood, kilio cha mwanamke anayeshona mashati mchana na usiku kwa ujira usiomshibisha. Hood aliguswa na habari za mjane mmoja wa mtaa wa Lambeth aliyefikishwa mahakamani kwa kuweka rehani nguo alizopewa kushona, ili wanawe wapate chakula.

Anayejitengenezea kadi siku hizi kwa mkasi na gundi, au anayedarizi foronya jioni baada ya kazi, huambiwa kwamba anahifadhi mabaki ya zama za zamani, zile kabla mashine hazijaupokonya mkono kazi yake. Wengi wao wenyewe wanaamini hivyo. Lakini Desemba ile inaonyesha kinyume. Kadi ya Krismasi tunayoijua haikuanzia mezani kwa mtu aliyekaa na familia yake akikata karatasi. Ilianzia kwa mchapaji, tena kwa sababu mwenye salamu hakutaka kuziandika moja moja. Na sindano, ambayo leo tunaipa sifa ya kutuliza moyo, kwa maskini wa mjini ilikuwa njaa tupu. Hoja ya makala haya ni kwamba kushona na kutengeneza kadi kwa kujifurahisha, kama jambo la mtu wa kawaida na la kila siku, ni mtoto wa mashine. Mashine haikuukuta mkono ukistarehe ikaunyang'anya starehe hiyo. Iliukuta umelemewa, ikautua mzigo, na mkono ulipobaki mtupu ndipo ulipoanza kucheza.

Tuanze na mzigo wenyewe. Kabla ya cherehani, kila shati, kila shuka, kila kanzu ya mtoto ilipita chini ya sindano ya mtu. Katika takwimu zilizotangazwa Marekani na kampuni ya cherehani ya Wheeler and Wilson mwanzoni mwa miaka ya 1860, shati moja la kiume lilihitaji zaidi ya saa 14 za kushona kwa mkono, na saa moja na robo hivi kwa mashine. Takwimu za muuzaji zipokelewe kwa tahadhari, lakini anayejua kushona atakubali kwamba hazikwenda mbali na ukweli. Kwa hiyo mama mwenye watoto sita hakuwa na "muda wa kushona". Kushona kulikuwa kumeumeza muda wake wote. Mafundi wa nguo nao waliona mapema kitakachowapata. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hati ya uvumbuzi wa mashine yake mwaka 1830, akafungua karakana Paris ya kushona sare za jeshi, na mwaka uliofuata mafundi wakaivamia na kuzivunja mashine. Haikusaidia. Elias Howe alipata hati yake Marekani mwaka 1846, Isaac Singer mwaka 1851, na mwaka 1856 kampuni ya Singer ikaanza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo. Hatua hii ya mwisho nadhani ndiyo kubwa kuliko zote. Chombo ambacho kingebaki karakanani sasa kiliingia sebuleni mwa watu wasio na fedha ya mkupuo.

Hapa pana pingamizi la kwanza, na ni zito. Cherehani haikumkomboa mshonaji wa Hood. Kwa kuwa sasa aliweza kushona mashati mengi zaidi kwa siku, tajiri alimtaka ashone mengi zaidi, na malipo ya kila shati yakashuka. Viwanda vya nguo vya London, New York na baadaye Dhaka havikuwa mahali pa starehe. Hilo ni kweli, na anayesema mashine ilileta raha kwa wote anadanganya. Lakini ninachodai ni kingine. Saa zilizookolewa hazikumwendea aliyeshona kwa ujira. Zilimwendea aliyeshona nyumbani, na baadaye aliyenunua nguo zilizokwisha kushonwa. Huyo ndiye aliyeinua macho akakuta sindano iko mkononi bado, ila hakuna tena anayelala uchi asipoishika. Kushona kulikokuwa lazima kukawa hiari.

Kwenye kadi mambo yalikwenda kwa njia iliyopinda zaidi. Esther Howland, binti wa muuza vitabu na vifaa vya kuandikia wa Worcester, Massachusetts, alihitimu masomo Mount Holyoke mwaka 1847. Muda mfupi baadaye alipata kadi ya wapendanao kutoka Uingereza, akaona kwamba na yeye anaweza kutengeneza, hata nzuri zaidi. Akaagiza karatasi za lesi na picha za kubandika, akatengeneza sampuli chache, na kaka yake akazichukua katika safari zake za biashara. Inasimuliwa kwamba alitarajia oda za dola 200, zikaja za dola 5,000. Akaita wasichana marafiki zake, akawakalisha kwenye meza moja nyumbani kwao: huyu anakata, huyu anapanga, huyu anabandika, kila mmoja akifuata sampuli. Miaka ya 1880 biashara ikauzwa kwa George Whitney. Angalia vizuri kilichotokea. Kadi iliyopendwa kwa kuonekana imetoka mkononi mwa mpenzi ilitoka kwenye mstari wa uzalishaji, miongo mingi kabla Henry Ford hajaunganisha gari lolote. Na ilipendwa kwa sababu kadi za kuchapwa zilikuwa zimeshazagaa. Tabaka za karatasi na lesi ziliwaambia wapokeaji jambo moja ambalo chapa haikuweza kulisema: kuna mtu alitumia muda wake.

Hakuna mahali hili linapoonekana wazi kama kwenye kadi za hariri za Vita vya Kwanza vya Dunia. Kati ya mwaka 1914 na 1918 askari wa Uingereza na wa makoloni yake waliokuwa Ufaransa na Ubelgiji walinunua kadi hizi kwa mamilioni. Kipande cha kitambaa chepesi cha hariri kilidariziwa maua, bendera za mataifa washirika, nembo ya kikosi au maneno ya salamu kwa mama na mchumba, kikabandikwa ndani ya fremu ya karatasi nene yenye mapambo ya kubonyezwa. Nyingine zilikuwa na mfuko mdogo wa hariri wenye kadi nyingine ndogo iliyofichwa ndani yake. Kwa askari wa kawaida haikuwa bei rahisi, na wengi hawakuthubutu kuitia kwenye mfuko wa posta ikiwa wazi. Waliitia ndani ya bahasha pamoja na barua. Kadi za kuchapwa zilipatikana kwa bei ndogo zaidi. Lakini mtu aliyekuwa hajui kama atafika Jumapili alichagua uzi.

Simulizi iliyodumu ni kwamba kadi hizo zilidariziwa majumbani na wanawake wa Ufaransa na Ubelgiji, wengine wakimbizi, kisha vipande vikakusanywa, vikakatwa na kubandikwa. Watafiti wa siku hizi wameichokonoa simulizi hiyo, wakaona kwamba mishono ya kadi nyingi inafanana mno, na kwamba vitambaa vilidariziwa kwa mikanda yenye picha ile ile ikijirudia, jambo linaloashiria mashine. Mashine yenyewe ni ile iliyobuniwa na Josué Heilmann wa Mulhouse mwishoni mwa miaka ya 1820 na kustawi baadaye Uswisi, katika eneo la St. Gallen. Ni mashine ya ajabu kidogo. Mwendeshaji hukaa mbele ya mchoro uliokuzwa, akiufuata nukta kwa nukta kwa ncha ya mkono wa chuma, huku mkono wake mwingine ukizungusha mpini. Kitambaa husogea kadiri ya mchoro na mamia ya sindano huchoma pamoja. Ni kazi ya mkono au ya mashine? Mwendeshaji ameongoza kila mshono mwenyewe, ila kila mshono wake umezaa mamia. Kwangu mimi, jibu si kubwa kuliko swali: watu walinunua alama ya mkono, wakaipenda, wakaitunza kwenye makasha miaka mia moja, bila kujua chuma kilihusika kiasi gani. Mkono ulikuwa umeshakuwa anasa inayotafutwa, na hilo lisingewezekana katika dunia ambayo kila kitu ni cha mkono.

Pingamizi la pili linatoka karibu na nyumbani. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, katika kumbukumbu zake alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886 anaeleza jinsi wanawake wa jumba la kifalme walivyoshughulika na sindano na lesi, wakipamba mavazi yao. Si hiyo ni starehe ya sindano, kabla ya cherehani kuenea pwani? Naam, ni starehe. Ulaya pia mabibi wa makasri walidarizi karne nyingi. Lakini jumba la Mtoni lilikuwa na watumwa kwa mamia. Aliyekaa kudarizi ukingo wa vazi aliweza kukaa kwa kuwa kazi nyingine zote zilikuwa mikononi mwa wasioruhusiwa kukaa. Kwa hiyo mfano wa Salme haubomoi hoja. Unaonyesha kwamba starehe ya mkono siku zote ilihitaji kitu kingine kibebe mzigo. Zamani aliubeba mtumwa au mtumishi, baadaye ukabebwa na chuma. Kilichobadilika ni idadi ya walioweza kukaa.

Lipo la tatu: kwamba Afrika Mashariki na Kati kushona hakukuja kama starehe wala kama ukombozi, kulikuja kama somo la nidhamu. Shule za misheni ziliwafundisha wasichana sindano ili wawe wake wema kwa kipimo cha wamisheni. Wabelgiji walifungua vituo vya kijamii vya wanawake mijini, na kile cha Usumbura (Bujumbura ya leo), kilichoanza miaka ya 1940, kilifundisha kushona, kufuma na kutia viraka. Nchini Kenya, Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa miaka ya mwanzo ya 1950 chini ya mkono wa serikali ya kikoloni, wakati wa Mau Mau, na ufundi wa nyumbani ulikuwa sehemu ya mafunzo yake. Nakubali yote haya. Ila somo na matumizi yake ni vitu viwili. Hakuna mkoloni aliyeagiza kwamba kila kochi la Kariakoo au la Eastlands livae kitambaa kilichofumwa kwa uzi mweupe, wala kwamba bibi harusi apelekwe na mashuka na foronya zilizodariziwa maua na majina. Wanawake waliichukua sindano iliyoletwa iwashike, wakaifanyia mambo yao. Na walipofika hapo nguo za kuvaa zilikuwa zikishonwa na fundi cherehani barazani, au zikinunuliwa; mikono yao iliachiwa kitambaa cha kochi.

Linalonipa shida kweli ni kofia. Kofia ya mkono ya Unguja na ya Lamu hushonwa kwa vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, kwa mchoro uliokwisha kuandikwa kwenye kitambaa, na huchukua wiki au miezi. Hushonwa barazani na uani, watu wakizungumza. Mara nyingi mmoja huchora, mwingine hushona, mwingine hukamilisha. Nayo huuzwa. Je, ni starehe au ni kibarua? Hoja yangu, ikiachwa kama nilivyoiweka mwanzo, inamtaka mtu achague, na mshona kofia hachagui. Nadhani hapa ndipo inapobidi kuinyoosha: starehe ya mkono si kutolipwa, ni kutohimizwa. Mjane wa Lambeth alihimizwa na njaa na tajiri. Mshona kofia huiweka chini ugali ukiiva, akaichukua tena kesho, na mnunuzi anajua lazima asubiri. Bei nayo inaunga mkono. Oman, ambako kofia ya aina hii huitwa kumma na ina undugu wa wazi na ile ya Unguja, masoko yamejaa za mashine za bei ndogo, na papo hapo ya mkono huuzwa kwa bei iliyozidi mara nyingi. Mashine haikuiua kofia ya mkono. Iliwachukua wanunuzi wenye haraka, ikawaacha wanaotaka kulipia miezi.

Kadi inapita njia hiyo hiyo sasa. Mialiko ya harusi na kadi za mchango ambazo zamani zilichapwa na kugawiwa mkononi hutumwa kwa simu, na salamu za Idi zinasambazwa kwa watu mia mbili kwa kidole kimoja, jambo ambalo Henry Cole angelipenda sana. Anayekata karatasi na kubandika leo anafanya hivyo kwa sababu salamu ya bure imejaa kila mahali. Ataulizwa: mbona karatasi yake imeshakatwa kiwandani, mihuri ya mpira imenunuliwa, na wengine wana hata vimashine vya kukatia maumbo vinavyoongozwa na kompyuta? Howland naye aliagiza lesi yake ya karatasi kutoka Uingereza. Kazi yake ilikuwa kuamua kipi kikae juu ya kipi, na kwamba chini ya lesi nyeupe iwekwe karatasi ya rangi ili matundu yaonekane.