Redio Iliyofundisha Walimu

Kijana wa leo akisikia habari za teknolojia katika mafunzo ya ualimu, hukumbuka kompyuta. Sisi tuliotangulia tunakumbuka redio.

Novemba 1974, Azimio la Musoma liliamua kuwa elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, badala ya 1989. Vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo mfupi. Hivyo, kuanzia 1976, vijana waliomaliza darasa la saba walikabidhiwa madarasa vijijini, huku wakisomea ualimu kwa posta, kwa vipindi vya redio na kwa msaada wa wakufunzi. Bariadi yetu wakati huo ilikuwa Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilizaliwa 2012.

Walibezwa kwa jina la "walimu wa UPE". Ni kweli mafunzo yao yalikuwa haba, na redio bila betri ni sanduku tu. Hata hivyo, wengi wetu tulifundishwa herufi ya kwanza na hao hao.

Mwaka 2005 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianza mpango wa kompyuta katika vyuo vya ualimu. Chombo kimebadilika, lakini mwalimu wa redio alikuwa na jambo moja la kuigwa: alichojifunza alikijaribu papo hapo, mbele ya watoto. Mafunzo yanayoishia chuoni hayamfikii mtoto wa kijijini.

Wadogo zetu mnaokusudia ualimu, jifunzeni kompyuta kwa bidii. Lakini msiwacheke waliotangulia, waulizeni walifundishaje.