Nduli, Fashisti na Ushahidi wa Mutukula: Tatizo la Majina katika Historia ya Vita vya Kagera

Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu Vita vya Kagera, Idi Amin ana majina mawili yanayoandamana: nduli na fashisti. La kwanza halihitaji nadharia. Nduli ni muuaji asiye na huruma. La pili lilitoka Italia ya Mussolini, na lilipofika Bukoba katika lugha ya redio na mikutano ya hadhara lilikuwa limekwisha kuwa hukumu. Mtafiti anayelichukua kama lilivyo huichukua na hukumu hiyo kabla hajatazama ushahidi.

Neno lenyewe si la kubuni tu. Septemba 1972 Amin alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, simu ya maandishi iliyosifu mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Hitler. Mwaka 1983 Mahmood Mamdani aliutumia ufashisti kuwa dhana ya kuuchambua utawala huo. Hata hivyo, ufashisti wa Ulaya ulisimama juu ya chama chenye wafuasi wengi na itikadi iliyoandikwa, ilhali Amin alisimamisha shughuli za vyama na kutawala kwa amri na kwa kambi za jeshi. Tofauti hiyo si ndogo, na pengine ndiyo sababu neno nduli limedumu zaidi vinywani mwa watu.

Mahali panapofaa kuanzia uchunguzi ni Mutukula, mpakani kaskazini mwa Bukoba. Baada ya mapinduzi ya 25 Januari 1971, askari wa Kiacholi na Kilango waliuawa makambini kwa sababu ya asili yao. Baadhi walihamishiwa gereza la Mutukula, ambako wengi waliuawa. Wachache walitoroka mapema 1972 na kuingia Tanzania. Mkataba wa 1948 kuhusu mauaji ya kimbari unadai ithibitishwe nia ya kuangamiza kundi, lote au sehemu yake. Kwamba wahanga walichaguliwa kwa kabila ni dhahiri. Kuthibitisha nia ni kazi nzito zaidi, kwa kuwa Amin aliwaona askari hao pia kuwa nguzo ya Milton Obote aliyempindua. Ikumbukwe kuwa katika Kagera istilahi ya mauaji ya kimbari ilizoeleka hasa baada ya 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Ngara. Kuirudisha nyuma hadi 1972 kunahitaji tahadhari.

Mpaka huo haukuwa na mtendaji mmoja. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka Tanzania kuishambulia Uganda, wakashindwa. Ndege za Amin zikajibu kwa kupiga mabomu Bukoba na Mwanza. Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yaliivamia ardhi yote hadi mto Kagera, na Amin akatangaza kuwa ni sehemu ya nchi yake. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Raia waliuawa, wanawake walibakwa, ng'ombe wa ranchi ya Missenyi waliswagwa, na maelfu ya watu walikimbilia kusini mwa mto.

Januari 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliiteka Mutukula. Kwa mujibu wa Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi waliofuatana na vita hivyo, mji ulisawazishwa kwa matingatinga na raia waliobaki, wakiwamo wazee wasioweza kukimbia, waliuawa. Mwalimu Nyerere alipopata habari alishtuka, akaamuru raia wa Uganda wasiguswe. Amri hiyo ni sehemu ya historia. Wafu walioitangulia nao ni sehemu yake. Masimulizi yanayovuka kutoka Kyaka moja kwa moja hadi kuanguka kwa Kampala tarehe 11 Aprili huiruka Mutukula, na neno fashisti hurahisisha mruko huo: likishatamkwa, uhalifu wote umepata mwenyewe.

Kumbukumbu za ardhini nazo zina mgawanyo wake. Wanajeshi wa Tanzania waliokufa wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi ya mashujaa yanayotunzwa na taifa. Kwa desturi ya Wahaya marehemu huzikwa katika kibanja cha ukoo, kati ya migomba, na kumbukumbu ya raia huendelea kuwa mali ya familia. Mtafiti anayeanzia Kaboya atapata historia ya jeshi. Historia ya uvamizi wenyewe humtaka aende Kyaka, Kakunyu na Minziro, kibanja kwa kibanja, kisha avuke mpaka akawaulize wa Mutukula upande wa Uganda nani alibomoa nyumba zao, na mwaka gani.